Wadogo zangu, kabla hamjachora nembo nyingine

Wiki hii nimepita studio tatu za vijana, na zote nimekuta kazi ileile: nembo ya soda, chini yake fuvu. Mikono yenu ni mizuri kuliko wangu nilipokuwa na umri wenu, ndiyo maana roho inaniuma.

1. Jueni nembo inaishi wapi. Mwaka 1970, Brazil ikiwa chini ya utawala wa kijeshi, msanii wa huko Cildo Meireles hakuchora chupa ya Coca-Cola. Alichukua chupa zenyewe, zile za kurudisha, akazichapa maandishi meupe ya kisiasa, akazirudisha zikajazwe tena. Chupa ikiwa tupu huyaoni vizuri. Ikijaa soda nyeusi, yanasomeka. Nani kati yetu hajatumwa dukani na chupa tupu mkononi? Basi safari ile ya chupa ndiyo iliyokuwa kazi yake ya sanaa.

2. Idadi iwe na sababu. Andy Warhol, msanii wa Marekani, alipoonyesha picha za makopo ya supu ya Campbell's mwaka 1962, picha zilikuwa 32 kwa kuwa aina za supu ile zilikuwa 32. Ninyi mnaniletea tisa. Kwa nini tisa?

3. Pimeni herufi, msichore kwa kukumbuka.

4. Someni kibao chote. Hapa naomba mnivumilie. Mwaka wangu wa pili nilipiga picha duka la mama mmoja mtaani kwetu. Kampuni ya soda ilikuwa imempa kibao: nembo imejaa bati zima, jina la duka limebanwa chini kwa herufi za upana wa kidole. Nikataka kuonyesha jinsi kampuni inavyommeza mwenye duka. Nikachora kanvasi ya mita mbili, nyekundu tupu, nembo imetanda. Siku ya ufunguzi nikamwalika. Alikuja na kanga mpya, akasimama mbele ya ile picha kwa muda mrefu, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, jina la duka liko wapi?"

Sikuwa nimeliandika. Niliona linaharibu mpangilio. Kumbe lilikuwa jina la mama yake mzazi, aliyeanza na meza ya maandazi palepale. Kampuni ilimbakizia upana wa kidole. Mimi hata huo sikumbakizia. Nilikosa jibu, na usiku ule sikulala. Picha niliishusha asubuhi, nikanunua kopo la rangi ya mafuta nyeupe, nikaenda dukani kuomba radhi. Aliniletea stuli. Nikaliandika jina lile ubavuni mwa duka, kila herufi kubwa kuliko kiganja changu, naye akinisimamia: "Hiyo ya mwisho imelala, inyooshe."

5. Tumieni lugha yenu. Mwaka 2003 Hank Willis Thomas, Mmarekani, alitoa picha ya kichwa cha mwanamume mweusi kilichonyolewa, alama ya Nike imekaa juu ya ngozi kama kovu. Anakumbusha watumwa waliochomwa alama za wenye kuwamiliki. Sisi neno tunalo tayari: chapa ya bidhaa, chapa ya ng'ombe, kuchapa kitabu, kuchapa mtu fimbo. Bado sijaona kijana hata mmoja aliyelifanyia kazi.

Jumamosi mkija, leteni picha za vibao vya mitaani kwenu, na majina ya wenye maduka.