Jibu kwa Mwalimu: tufe linaumiza kidole cha kati na haliendi mbali

Mwalimu, heshima yako. Umeuliza mambo mawili: binti wa kidato cha pili kidole cha kati kinamuuma kila akitoka mazoezini, na tufe, lile dude la chuma la mviringo la kurushwa, linaishia mita sita ingawa mwili na nguvu anavyo. Wadau waliotangulia wamekushauri umwongezee mazoezi ya mkono. Mimi sikubaliani nao. Nimerusha tufe tangu shule, na siku hizi jioni nawasaidia vijana hapa Tabora, upande wa Ipuli. Malalamiko hayo mawili kila msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, nayakuta kwa mtu yuleyule: tufe halijakaa mahali pake mkononi, halafu vidole vinaanza kazi miguu ikiwa haijamaliza yake.

Ila kabla ya vidole, pima hilo tufe. Shule zetu nyingi zina tufe moja tu, la kurithi, na wanalitumia wote, wavulana kwa wasichana. Tufe la wanaume wakubwa ni kilo 7.26, la wanawake kilo 4. Kwa walio chini ya miaka 18, kanuni za kimataifa zinawapa wavulana kilo 5 na wasichana kilo 3. Binti wa miaka kumi na tano akipewa la kilo 7.26, hakuna mbinu itakayokinusuru kidole chake. Nenda nalo kwa muuza mahindi mwenye mizani, atakupimia bila hata kukuuliza. Likiwa zito, tafuta jiwe la mviringo lililo laini, la kilo 3 hivi, afanyie mazoezi hilo.

Sasa mkono. Tufe halikai kwenye kiganja, na halikai kwenye ncha za vidole. Linakaa kwenye mashina ya vidole, pale penye vinundu kabla kiganja hakijaanza. Vidole vitatu vya kati, yaani cha shahada, cha kati na cha pete, ndivyo vinavyobeba uzito. Viachane kidogo tu. Gumba na kidole cha mwisho vinakaa pembeni kulizuia lisiteleze, basi. Mkono unalala nyuma, tufe juu yake, kama wauza ndizi wa stesheni wanavyobeba sinia kabla hawajaliinua hadi dirishani mwa behewa.

Kumkagua ni rahisi. Saga chaki ya ubaoni, paka tufe lote, mwambie alishike na kuliweka shingoni kama anataka kurusha, kisha aliweke chini. Mwambie afungue mkono. Weupe ukiwa katikati ya kiganja, hapo ndipo zinapopotelea mita zako, maana tufe linatoka limelala mkononi na vidole havipati nafasi ya kulisukuma mwishoni. Weupe ukiwa kwenye pingili za mwisho za vidole, umeshapata chanzo cha maumivu. Hao ni wale walioambiwa "tumia vidole", wakalipandisha juu mno. Siku uzito unapokuja wote kwa pamoja, kidole kirefu kuliko vingine ndicho kinachopindwa nyuma. Nadhani binti yako ni wa kundi hili. Mshushie tufe kidogo kuelekea mashina, hata kama kwa muda atahisi hana nguvu. Vidole vikikomaa atalipandisha mwenyewe.

Angalia na shingo pia. Makocha wana msemo wao, kiganja safi, shingo chafu. Chaki ionekane chini ya taya, kwenye bonde lililo juu ya mtulinga (mfupa unaotoka chini ya koo kwenda begani), na gumba lielekee chini kwenye huo mtulinga. Si suala la umbo tu, ni sheria: tufe liguse shingo au kidevu, au liwe karibu kabisa, na mkono usishuke chini ya hapo wala tufe lisipitishwe nyuma ya mstari wa mabega.

Kiwiko ndicho kinachosahaulika. Kiinuke, kiwe nyuma ya tufe muda wote. Kikishuka na kubana mbavuni, tufe linatangulia na kiwiko kinafuata, na hapo anatupa badala ya kusukuma. Atakuja kulalamika kiwiko baada ya kidole.

Kuachia sasa. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mguu wa kulia unazunguka na kusukuma ardhi, nyonga inafuata, kifua kinafunguka, upande wa kushoto unakaza na kusimama kabisa, ndipo mkono unaondoka shingoni. Vidole ni vya mwisho kabisa. Mkono ukishanyooka, kifundo cha mkono kinachapa na vidole vinalisindikiza tufe. Mtazame mkono baada ya tufe kutoka: kiganja kimegeukia nje, gumba linatazama chini. Mkono ukibaki umekunjwa, au vidole vimejikunja kama vinashika kitu, ameliachia mapema.

Mwaka 2022 mashindano ya taifa yalipoletwa hapa Tabora, watu nyuma ya warushaji walikuwa wanapiga kelele "juu, juu!" Wanachodhani ni kwamba kuliachia kwa pembe ya nyuzi 45 ndiyo siri. Ingekuwa kweli kama tufe lingeanzia ardhini. Linatoka kwenye kimo cha karibu mita mbili, na mwili una nguvu zaidi kusukuma mbele kuliko kusukuma juu, ndiyo maana warushaji wakubwa wengi huliachia kwenye nyuzi 36 hadi 38 hivi. Piga hesabu mwenyewe, wewe mwalimu: tufe likitoka kimo cha mita 1.9 kwa kasi ya mita 9 kwa sekunde, nyuzi 40 zinakupa karibu mita 9.98, nyuzi 35 karibu 9.89. Sentimita tisa tu! Lakini kwa nyuzi zilezile 40, ongeza kasi ifike mita 10 kwa sekunde, unapata karibu mita 11.94. Waache wapiga kelele, wewe tafuta kasi.

Mazoezi ya vidole yenyewe ni machache. Apige pushapu akiegemea ukuta kwa ncha za vidole, si chini, bado mapema. Alishike tufe jepesi kifuani kwa mikono miwili, alichape kwenda chini mbele yake kwa vifundo na vidole tu. Aliachie kutoka kimo cha kiuno na kulidaka kwa mkono uleule kabla halijafika chini, miguu iwe mbali! Kidole kikiwa kimevimba au hakikunjiki, asiguse tufe, apelekwe akaonwe. Plasta ya kufunga vidole viwili pamoja usimzoeshe, mashindanoni hairuhusiwi, na glavu pia. Chaki mkononi ruksa, na kwa vumbi letu la kiangazi na jasho, ataihitaji.

Mdau aliyependekeza azunguke kama warusha kisahani: mtindo huo unafanya kazi, sibishi. Aleksandr Baryshnikov wa Umoja wa Kisovieti aliweka nao rekodi ya dunia ya mita 22.00 mwaka 1976, na Ryan Crouser wa Marekani anazunguka, mwaka 2023 alifika mita 23.56. Lakini kuzunguka kunalivuta tufe litoke shingoni, na mtoto ambaye hajajua kulishika litamponyoka kabla hajamaliza nusu ya duara. Aanze akiwa amesimama tu, bila hata kuteleza, yaani kujivuta kuvuka duara kabla ya kurusha. Akiweza kurusha hivyo kidole kisimuume, mfundishe kuanza akiwa ameupa uwanja mgongo, kama Parry O'Brien wa Marekani alivyoanzisha miaka ya hamsini. Kuzunguka kutakuja kidato cha nne huko, tena kama mna duara la saruji. Kwenye mchanga mguu hautageuka.

Ukishapima uzito weka namba hapa, na picha ya mkono wenye chaki. Picha ya uso wake usiweke, ni mtoto wa watu.