Chaneli tatu zinasema uongo

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha chai hapa Mufindi. Tumenunua data loga (kifaa cha kurekodi vipimo) ya mtumba yenye chaneli nane, nikafunga sensa tatu. Chaneli ya 1 ni thamokapo (sensa ya joto ya nyaya mbili za metali tofauti) ya aina K kwenye draya, mashine ya kukaushia chai. Draya ikishika moto, namba zinashuka hadi chini ya sifuri! Ya 2 ni PT100 (sensa ya joto ambayo ukinzani wake hupanda na joto) ya nyaya mbili kwenye chumba cha kunyaushia majani, mita 25 kutoka kwenye loga. Inazidi kipimajoto cha zebaki kwa nyuzi nne na ushee. Ya 3 ni presha ya boila, bar 0 hadi 10, inayotumwa kwa mkondo wa miliamp 4 hadi 20. Boila ikiwa baridi kabisa inasoma bar 2. Bosi anasema loga ni mbovu, irudishwe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie bosi asifunge boksi kwanza.

Nianze na presha, maana hiyo bar 2 imejitaja yenyewe. Chaneli imeachwa kwenye miliamp 0 hadi 20. Boila ikiwa baridi transmita (sensa ya presha inayotuma mkondo) inatoa 4, loga inaona moja ya tano ya 20, basi inakupa moja ya tano ya bar 10. Ukifika bar 5 za kweli itasoma 6, ukifika 10 itasoma 10 sawasawa, na hapo ndipo mtu husema "mbona juu iko sahihi?" Ingia kwenye menyu, chagua 4 hadi 20, kisha andika 4 ni bar 0 na 20 ni bar 10. Hizo 4 za mwanzo zina kazi yake: waya ukikatika mkondo unakuwa 0, nawe unajua ni waya, si boila iliyopoa.

Kwenye thamokapo, nadhani uliona waya mwekundu ukaupeleka kwenye chanya. Nani asingefanya hivyo? Lakini kwa rangi za Kimarekani mwekundu ndio hasi, na chanya ya K ni njano. Kwa rangi za kimataifa chanya ni kijani na hasi ni nyeupe. Kama rangi zimeungua, chukua sumaku: kwa aina K, waya unaonaswa ndio hasi. Geuza, namba zitapanda.

Ukiwa hapo, fuata waya wote kwa mkono hadi kwenye draya. Mimi niliwahi kuunga thamokapo ya tanuru kwa kipande cha waya wa taa, kwa sababu duka lilikuwa mbali na siku ilikuwa Jumamosi. Kiungo kilikaa kwenye kiboksi ubavuni mwa tanuru, penye nyuzi 60 hivi, na loga ilikuwa ofisini penye 25. Waya wa shaba haujui habari za thamokapo, kwa hiyo tofauti ile yote ilipotea njiani. Wiki mbili tulisukuma kuni kutafuta nyuzi 35 ambazo tayari zilikuwemo tanurini. Nunua waya wa aina K hadi kwenye skrubu za loga.

PT100 ni hesabu tu. Kila nyuzi inaongeza omu 0.385. Mita 25 kwenda na 25 kurudi, kama waya wako ni wa milimita mraba 0.5, ni omu 1.7 hivi. Gawanya: nyuzi nne na nusu. Vuta waya wa tatu kutoka kwenye sensa yenyewe, sio kutoka nusu ya njia, kisha iambie chaneli ni ya nyaya tatu. Usitoe nyuzi nne kwenye menyu ukaridhika. Shaba ikipata joto mchana ukinzani wake nao unabadilika.

Ukimaliza, jaribu sensa za joto kwenye mchanganyiko wa barafu iliyosagwa na maji: zisome 0. Halafu kwenye maji yanayochemka, na hapa usinipigie simu usiku. Kama kiwanda chenu kipo kwenye mita 1,800 hivi, maji yatachemka kwenye nyuzi 94. Ikisoma 94, iache.