Maswali na Majibu: Waifai na mteja asiyeona

SWALI: Nauza waifai ya vocha hapa Barani, Malindi, kwa ruta ya MikroTik. Nina wateja wawili wasioona, simu zao zina TalkBack, ile programu ya Android inayosoma skrini kwa sauti. Kila wakinunua vocha huniletea simu niwaingizie mimi. Wanasema ikifika kwenye ukurasa wangu "haisemi kitu cha maana." Kasoro iko wapi?
– Msomaji, Malindi

JIBU: Simu haina kosa, ndugu, ukurasa wako ndio hauna cha kusomwa. Washa TalkBack kwenye simu yako, fumba macho, telezesha kidole kulia hatua kwa hatua. Ukisikia "kitufe kisicho na lebo", hicho ndicho kitufe chako cha kuingilia, kimewekwa kama picha tupu.

Fungua faili ya login.html (ndio ukurasa wa kuingilia) kwenye folda ya hotspot ya ruta yako. Neno "Ingia" liandikwe kwa herufi. Kisanduku cha vocha kipe tagi ya label (jina ambalo TalkBack italisoma) iliyofungwa na id, yaani kitambulisho, ya kisanduku hicho. Yale maandishi ya kijivu ndani ya kisanduku hayatoshi: hupotea mtu akianza kuandika, na mwenye uoni hafifu hayaoni tangu mwanzo. Uwiano wa mwangaza kati ya rangi ya herufi na ya nyuma yake usipungue 4.5 kwa 1. Ukikuta user-scalable=no, ifute, maana humzuia mtu kukuza ukurasa kwa vidole. Ujumbe wa "Vocha si sahihi" uwe juu ya kisanduku.

Wengi hukosea kwenye ukurasa wa kusubiri malipo. Ukijipakia upya kila sekunde 5, TalkBack nayo huanza upya kutoka juu. Mteja atasikia jina la duka lako mara kumi asifike kwenye "malipo yamepokelewa". Ondoa kujipakia huko, weka kitufe cha "Nimeshalipa".

Vocha ya karatasi usimpe, mtumie SMS. 48213907 huweza kusomwa kama mamilioni, kwa hiyo tenganisha tarakimu kwa nafasi, na kwenye ukurasa ongeza mstari wa JavaScript wa kufuta nafasi hizo akibandika. Usichanganye herufi O na sifuri.

Washa pia MAC Cookie kwenye profaili ya hotspot, ili ruta iikumbuke simu iliyokwisha kuingia. Haimsaidii akinunua vocha mpya, ila mtandao ukikatika (na kwetu hukatika!) hataandika namba ile ile tena.

Ukimaliza, mpe mmoja wao ajaribu, nawe usiiguse simu yake.