Sensa mpya, modeli ya zamani: tuzidishe tu safari?

SWALI: Shikamoo Injinia. Mimi ni afisa mipango miji, bado mgeni kazini, hapa Tanga. Tuna modeli ya makadirio ya safari iliyojengwa kwa takwimu za sensa ya 2012. Mkuu wangu anataka tuihuishe kabla ya bajeti. Anasema tuchukue idadi ya watu ya 2022, tuzidishe safari zote kwa ongezeko hilo, basi. Mimi moyo unasita. Je, inatosha, au tujenge mpya? Fedha ni kidogo.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Haitoshi, na mpya hamuihitaji.

Jiji la Tanga lilikuwa na watu 273,332 mwaka 2012, na mwaka 2022 wakafika 393,429. Hilo ni ongezeko la asilimia 44 hivi. Ukizidisha kila safari kwa 1.44, umeshasema kwamba kila mtaa umekua sawasawa, na kwamba watu wanakwenda kule kule kwa vyombo vile vile. Sasa tembea Ngamiani, zile barabara za namba. Nyumba zilikwisha kubanana zamani, waliojenga wamejenga pembeni, huko Kange na Pongwe. Hesabu ya mkuu wako inamwongeza Barabara ya 10 mtu ambaye kwa kweli anaishi Kange. Safari yake ya sokoni, ambayo kwenye kompyuta ni ya miguu, yeye anaifanya kwa daladala. Jumla ya safari inaweza kutoka sahihi kabisa na barabara ya Pongwe ikakutia aibu.

Hatua nne za modeli zenyewe ziacheni kama zilivyo: kuzalisha safari, kuzigawa baina ya kanda (vipande ambavyo modeli imeugawia mji), kuchagua chombo, kuzipitisha barabarani. Ni utaratibu uliokuwepo tangu wapangaji wa Chicago miaka ya 1950 na bado unafanya kazi. Kinachochakaa ni mipaka ya kanda, mtandao wa barabara na vigezo, yaani namba zilizomo ndani ya fomula. Kanda za pembezoni zigaweni vipande vidogo kwa takwimu za sensa za ngazi ya mtaa. Mtandao ni kazi ya siku mbili: kaa na dereva wa bajaji mzoefu, mfungulie ramani, atakuonyesha palipowekwa lami na pasipopitika masika. Na kama modeli bado inawashusha abiria wa mikoani stendi ya zamani ya Ngamiani, wapelekeni Kange.

Malori nayo yatengeni. Lori la bandarini halizaliwi na idadi ya watu, wala kazi za Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, hazitokani na sensa. Hayo huingizwa kwa mkono, kila moja na makadirio yake.

Fedha yenu iwekeni kwenye kuhesabu. Hapa nikupe kisa changu. Miaka ya nyuma nilisimamia zoezi la kuhesabu magari kwenye makutano fulani, kwa fomu tuliyopewa kutoka juu: gari dogo, basi, lori, pikipiki, mengineyo. Saa moja na nusu asubuhi nikampitia kijana aliyekaa chini ya mwarobaini. Karatasi yake upande wa "mengineyo" ilikuwa imejaa vijiti vitano vitano mpaka pambizoni, kisha imeachwa. Nikamuuliza mbona umeacha? Akanijibu, "Baiskeli nyingi mno bosi, nafasi imekwisha." Tanga, mji wa baiskeli! Ripoti ikatoka bila baiskeli, na modeli ikawapandisha wale wote daladala.

Dodoso la kaya lina mtego mwingine. Ukimuuliza mama wa Makorora "jana ulisafiri?" atakwambia hapana, sikwenda kokote. Kumbe amempeleka mtoto chuoni, amepita Mgandini kununua mboga, amemjulia hali mgonjwa hospitali ya Bombo. Kwake safari ni kwenda Dar. Muulize hivi: "Jana ulitoka mlangoni saa ngapi mara ya kwanza? Ukaenda wapi? Kutoka hapo je?" Kaya chache zilizoulizwa vizuri zina faida kuliko nyingi zilizoulizwa ovyo.

Sasa vigezo. Nina hakika programu yenu inatumia ile fomula ya Marekani ya ucheleweshaji, yenye 0.15 na kipeo cha 4. Maana yake, barabara ikipitisha magari sawasawa na uwezo wake, muda wa safari unaongezeka asilimia 15 tu. Ilitungwa kwa barabara za magari. Haimjui bodaboda anayegeuza katikati ya njia wala daladala inayosimama kila penye mkono ulionyooshwa. Pandeni daladala na simu yenye GPS, asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, mpate muda halisi, kisha mrekebishe namba hizo.

Mwisho ni kuhakiki. Theluthi moja ya vituo vyenu vya kuhesabia vifungieni kabatini, visitumike kurekebisha modeli. Vitoeni siku ya mtihani. Kipimo kinachotumika sana ni GEH: tofauti ya modeli na hesabu ya barabarani kwa saa, ipige kipeo cha pili, zidisha kwa 2, gawa kwa jumla ya hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili. Mmehesabu magari 800, modeli inasema 650: inatoka 5.6, imefeli, kwa sababu tunataka chini ya 5. Ingesema 700 ingetoka 3.7, imepita. Waingereza hutaka asilimia 85 ya vituo vipite. Ninyi mkianza na 70 sitawacheka, mradi msichokoe namba za kituo kimoja kimoja mpaka kikubali. Huo ni ulaghai, na wenye fani huugundua haraka.

Kwa mkuu wako, mwambie hivi: sensa tunaiingiza kama ulivyoagiza, ila tunaomba wiki mbili za kuhesabu. Msizipange ndani ya Ramadhani, maana msongamano wote wa jioni huhamia kabla ya magharibi. Fomu nitakutumia. Safu ya baiskeli nimeiweka ya kwanza kushoto, pana kuliko zote.