Kamera ya kupigia picha ndege: pesa ianzie kwenye lenzi

Wengi wanaoniuliza kuhusu kamera ya kupigia picha ndege huanza na megapikseli. Mimi huwauliza kwanza wametenga kiasi gani cha lenzi. Ndege ukimsogelea anaruka, na ndani ya hifadhi huwezi kuchepusha gari barabarani ukamfuate majanini. Umbali huo huzibwa na lenzi. Kamera utaibadilisha, lenzi nzuri utabaki nayo miaka.

Kwa heroe wa maziwa ya Momella, pale Hifadhi ya Taifa ya Arusha, hata lenzi ya milimita 200 inatosha (milimita zikiongezeka, lenzi inavuta mbali zaidi), maana wakijaa majini wanapendeza kwa wingi wao. Chozi au keremkerem, ndege wadogo, ni habari nyingine. Hao wanahitaji milimita 400 na kuendelea.

Ndiyo maana siwashauri wanaoanza wakimbilie sensa kubwa, yaani kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kwenye Nikon yenye sensa ya APS-C, ambayo ni ndogo zaidi, lenzi ya milimita 400 huona eneo lile lile ambalo sensa kubwa ingelipata kwa milimita 600. Yaani milimita unazizidisha kwa 1.5; kwa Canon za APS-C zidisha kwa 1.6. Nikon D500 ilitoka mwaka 2016, inapiga picha 10 kwa sekunde, na leo unaweza kuipata ya mtumba. Mimi ningeinunua tena kesho. Ukiifunga na lenzi ya Nikkor 200-500mm f/5.6, unashika kilo tatu na ushee. Ndani ya gari hilo si tatizo: weka mfuko wa mchele dirishani, lenzi ilale juu yake (mchele wenyewe mtapika mkirudi kambini). Kwa kutembea kwa miguu na askari wa hifadhi, kilo tatu utazihisi begani kabla hujafika ziwani. Kama matembezi ndiyo mtindo wako, tafuta lenzi nyepesi hata ikiwa fupi kidogo.

Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zimerahisisha jambo moja kubwa, nalo ni fokasi, yaani kulenga picha itoke kali. Canon R7 ya mwaka 2022 hulitambua jicho la ndege na kulifuata anaporuka. Ila usidanganyike na picha zake 30 kwa sekunde. Kasi hiyo ni ya shata ya kielektroniki, isiyo na pazia la kufungua na kufunga mwanga, nayo inasoma sensa polepole, na bawa linalopiga kwa kasi hutoka limepinda. Tumia shata ya kawaida yenye pazia, picha 15 zinatosha na kubaki. Keremkerem mwenyewe akishadaka mdudu mara nyingi hurudi tawi lile lile, kwa hiyo subira inakupa zaidi ya kasi. Beba na betri ya akiba, kamera hizi zinakula chaji.

Halafu kuna Nikon P1000, ile yenye lenzi isiyobanduka inayovuta hadi kiwango cha milimita 3000. Kwa kumtambua ndege wa mbali kwenye mwanga mzuri, ni chombo cha maana. Iingize msituni Ngurdoto umtafute hondohondo kivulini, sensa yake ndogo itakupa chembechembe tupu. Na saa saba mchana, joto linapocheza juu ya ardhi, hakuna lenzi ya bei yoyote itakayonyoosha picha ya ndege aliye mbali. Amka mapema.

Ukinunua mtumba, mulika tochi ndani ya lenzi utazame kama ina ukungu wa kuvu, hasa kama imekaa Dar au Tanga. Uliza shata imefyatuliwa mara ngapi. Kisha toka nje ya duka, weka kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde, umpige picha kunguru anayeruka, na picha uikuze uangalie kama jicho limekaa sawa. Muuzaji akikataa usitoke nayo hata mlangoni, nenda duka la pili.