Jibu: Guilin na marafiki likizo ya Oktoba

Dada, umeuliza kama wanafunzi wanne mnaoishi Guangzhou mnaweza kwenda Guilin, mji wa kusini mwa China, likizo ya Sikukuu ya Taifa ya tarehe 1 Oktoba bila kutoboa mfuko. Mnaweza, ila shughuli yote iko kwenye tiketi ya treni. Huanza kuuzwa siku 15 kabla, na msimu huo huisha upesi mno, kwa hiyo kila mmoja asajili pasipoti yake mapema kwenye 12306, programu rasmi ya tiketi za reli ya China. Treni ya mwendo kasi ni mwendo wa saa tatu hivi.

Mkifika msing'ang'anie mjini. Nendeni Yangshuo, mji mdogo jirani, mkodi baiskeli mfuate mto Yulong. Halafu Xingping, mji mdogo wa kale wa huko huko: toa noti ya yuan 20, igeuze upande wa nyuma, inyanyue ukiutazama mto Li, milima iliyochorwa ndiyo hiyo iliyosimama mbele yako. Mimi napapenda sana hapo, hasa alfajiri kabla watalii hawajajaa.

Kabla ya kulipia chumba, ulizeni kama wanapokea wageni wenye pasipoti za nje, maana nyumba ndogo nyingine hukataa. Na kama ratiba ya chuo inaruhusu, sogezeni safari hadi katikati ya Oktoba. Vyumba hushuka bei na njia hupitika.