Desibeli za Baharini: Usiandike Namba Peke Yake

Katika ripoti yangu ya kwanza ya kelele za boti Kizimkazi, Zanzibar, wanakopelekwa watalii kutazama pomboo, niliandika: "Boti ya watalii ilitoa desibeli 150." Mzee mmoja mwenye boti akaniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, ndege ikiruka karibu nasikia ni 140. Boti yangu mimi iishinde ndege?" Nilikosa jibu, na aliuliza kwa haki kabisa.

Hewani, desibeli hulinganishwa na shinikizo la maikropaskali 20, karibu na sauti ndogo kabisa inayosikiwa na mtu. Majini hulinganishwa na maikropaskali 1. Hapo tu namba imeshapanda kwa 26. Tena maji ni mazito na hayabonyei kama hewa, hivyo nguvu ileile ya sauti huleta shinikizo kubwa zaidi, nyongeza ya 36 hivi. Jumla 62. Ile 150 yangu, kwa nguvu sawa hewani, ingekuwa kama 88. Hata hivyo usikimbilie kulinganisha na ndege: sikio la pomboo si letu.

Kosa la pili nililikuta kwenye daftari, kwa penseli iliyofifia: "boti, mita 50 hivi." Hidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, ilikuwa imesoma 116. Mimi nikaongeza 34 ili kupata kiwango cha chanzo, yaani kama ningekuwa mita 1 tu kutoka kwenye injini, halafu sikusema kwamba nimeongeza. Na hesabu hiyo huchukulia sauti inatawanyika pande zote. Kwenye maji ya kina kifupi hugonga juu na chini, ikapungua polepole zaidi. Kwa hiyo 116 nilipima, 150 nilikisia.

Siku hizi naandika hivi: "dB 116 re 1 µPa, RMS ya sekunde 10, masafa ya sauti 50 Hz hadi 20 kHz, boti mita 50, hidrofoni kina cha mita 3." Hiyo "re" ndiyo inayotaja kipimo cha kulinganishia (µPa ni maikropaskali), usiiache kamwe. RMS, aina ya wastani wa shinikizo kwa muda uliotajwa, inafaa injini inayonguruma mfululizo. Mlipuko wa baruti ya wavuvi haramu unataka kilele cha shinikizo, pamoja na jumla ya nishati yake. Istilahi zote zimepangwa katika kiwango cha ISO 18405 cha mwaka 2017.

Nilirudi kwa yule mzee na sentensi mpya. Akaisikiliza yote, kisha akauliza: "Na pomboo alikuwa mita ngapi?"